Kumbukumbu ipo ila imemegeka: jinsi ya kuisaidia kerneli ibananishe kurasa chinichini

Seva ina mamia ya megabaiti tupu, `free -m` inakuonyesha hivyo, lakini `dmesg`, daftari la ujumbe wa kerneli (kiini cha mfumo wa Linux), inalalamika: `page allocation failure: order:7`. Wengi wanaoanza kulea seva wakikutana na hili hukimbilia kuongeza RAM, au huzima mashine na kuiwasha upya. Kuwasha upya kunasaidia kweli, ila kwa muda tu, maana kilichoimegamega kumbukumbu mara ya kwanza kitaimegamega tena. Linux ina dawa yake ndani, na napenda kila anayeshika seva ajue kuitumia: `kcompactd`, kazi ya kerneli inayozisogeza kurasa (vipande vidogo ambavyo kumbukumbu imegawanywa) zibanane upande mmoja ili upande wa pili ubaki na nafasi iliyoshikana.

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, soma hali ilivyo.

```
cat /proc/buddyinfo
```

Chukua mfano wa mstari huu:

```
Node 0, zone Normal  41873 30216 11940 2207 318 41 6 0 0 0 0
```

Kwenye x86-64 ukurasa mmoja ni KB 4. Safu ya kwanza, daraja la 0, inahesabu vipande vitupu vya KB 4. Inayofuata ni vya KB 8, kisha 16, na kila daraja ni mara mbili ya lililotangulia, hadi la 10 ambalo ni MB 4. Fanya hesabu ya mstari huo taratibu: 41,873 mara KB 4, jumlisha 30,216 mara KB 8, uendelee hivyo hadi vile vipande 6 vya KB 256. Utapata KB 698,020, yaani karibu MB 682. Hiyo ni kumbukumbu tupu ya kutosha kabisa. Sasa tazama sifuri nne za mwisho. Hakuna hata kipande kimoja kinachofika KB 512. Draiva ikiomba KB 512 zilizoshikana, yaani daraja la 7, ndiyo ile `order:7` ya `dmesg`, inanyimwa, na programu inayotaka ukurasa mkubwa wa MB 2, ambao ni daraja la 9, haina pa kuupata.

Ukiona sifuri hata kwenye madaraja ya chini na jumla yenyewe ni ndogo, hapo tatizo lako ni upungufu wa kumbukumbu, na haya ninayoyaeleza hayatakufaa. Kubananisha hakuongezi hata baiti moja. Kunaipanga upya ile iliyopo, basi.

Kinachofanyika ndani ni hiki. Kwa kila zoni, yaani eneo la kumbukumbu kama lile la Normal, kerneli inatembeza wasakaji wawili. Mmoja anaanzia chini ya zoni akitafuta kurasa zinazotumika na zinazohamishika. Mwingine anaanzia juu akitafuta nafasi tupu. Kurasa za yule wa chini zinanakiliwa kwenye nafasi za yule wa juu, majedwali ya anwani yanarekebishwa ili programu isitambue kwamba data yake imehama, na wawili hao wakikutana katikati mzunguko umekwisha. Mel Gorman ndiye aliyeiingiza kazi hii kwenye Linux 2.6.35 mwaka 2010. Wakati huo ilifanywa zaidi na mwombaji mwenyewe: programu inaomba kumbukumbu, haipati, inasimamishwa papo hapo hadi kurasa zisogezwe. `kcompactd`, ya Vlastimil Babka, ilikuja na toleo la 4.6 mwaka 2016, moja kwa kila nodi ya NUMA (kundi la prosesa na kumbukumbu iliyo karibu nazo), ikiamshwa na `kswapd`, kazi ya kerneli inayookoa kumbukumbu inapopungua. Mwaka 2020, katika 5.9, Nitin Gupta aliongeza uwezo wa kuanza kazi mapema, kabla hajatokea mwombaji wa kunyimwa.

Kwa hiyo swali la kujiuliza kila mara ni hili: nani analipa gharama ya kusogeza? Jibu liko kwenye kaunta:

```
grep -E 'compact_|thp_fault|pgmigrate' /proc/vmstat
```

`compact_stall` inapanda kila programu inaposimamishwa ili ubananishaji ufanyike mbele yake. `compact_daemon_wake` inapanda `kcompactd` inapoamshwa. Kaunta hizi zinahesabu tangu mashine ilipowashwa, hivyo namba moja peke yake haikuambii kitu. Zichukue saa ya kazi nyingi, subiri, zichukue tena, utoe. Kama `compact_stall` haisogei, watumiaji wako hawaumii. Acha mipangilio kama ilivyo ukafanye kazi nyingine. Kama inakimbia na `compact_fail` inaifuata kwa karibu, basi programu zinasimamishwa na bado hazipati kitu, na hilo ndilo la kushughulikia kwanza.

Ukitaka kumjua anayesimamishwa kwa jina lake:

```
sudo perf record -e compaction:mm_compaction_try_to_compact_pages -a -- sleep 60
sudo perf script
```

Kila mstari unakupa jina la programu na daraja ililoomba. Mimi naipenda hatua hii kuliko zote, kwa sababu inamaliza ubishi. Watu wanaweza kuilaumu hifadhidata wiki nzima, kumbe mistari yote ni ya programu ya kunakili data ya akiba.

Kuna waombaji ambao hutawaona hapo. Draiva ya mtandao inayoomba kumbukumbu ikiwa katikati ya kupokea pakiti hairuhusiwi kusubiri. Kwenye `dmesg` ombi lake lina alama ya `GFP_ATOMIC`. Huyu hawezi kusimamishwa ili nafasi itengenezwe. Anapata kilichopo wakati huohuo au anakosa. Kwake yeye msaada pekee ni ule uliofanyika mapema, chinichini, na ndiyo maana naona ni kosa kuichukulia `kcompactd` kama pambo.

Sasa jaribu kwa mkono, ujue kama kuna cha kuvuna:

```
echo 1 | sudo tee /proc/sys/vm/compact_memory
cat /proc/buddyinfo
```

Kama zile sifuri za kulia zimegeuka kuwa namba nzuri, kurasa zako zinahamishika na `kcompactd` ikiongozwa vizuri itakufaa. Kwenye mashine ya nodi nyingi unaweza kubananisha nodi moja tu kupitia `/sys/devices/system/node/node0/compact`. Lifanye hili saa ya utulivu, kwa kuwa linaipitia kumbukumbu yote, na kila ukurasa unaohamishwa unazilazimu prosesa nyingine zinazoutumia zifute anwani za zamani kwenye TLB zao, kashe ya anwani iliyo ndani ya prosesa.

Kwa sababu hiyohiyo sishauri kabisa kuiweka amri hiyo kwenye cron, ratiba ya kuendesha amri zenyewe kwa saa. Nimeona mafunzo yanayowaambia watu waiendeshe kila baada ya dakika chache. Inafanya kazi yote hata pasipo haja, haijui kupumzika juhudi zinapogonga mwamba, na inakuficha chanzo. Kerneli yenyewe inajua lini ianze na lini iache. Mpe yeye kazi hiyo.

Kama sifuri zimebaki pale pale, nenda hapa:

```
sudo cat /proc/pagetypeinfo
```

Shuka hadi sehemu ya mwisho inayohesabu mafungu ya kurasa kwa aina. Data ya programu na kashe ya mafaili huwa kwenye `Movable`. Vitu vya kerneli yenyewe, majedwali ya anwani na sehemu kubwa ya bafa za draiva huwa `Unmovable`, na ukurasa mmoja tu wa aina hiyo ukikaa katikati ya fungu la MB 2 unatosha kulizuia lisiwe zima tena. `Unmovable` zikiwa nyingi, hakuna mpangilio wa `kcompactd` utakaokuokoa. Tazama `SUnreclaim` (vitu vya kerneli visivyoweza kurudishwa) na `PageTables` (majedwali ya anwani) ndani ya `/proc/meminfo`, fungua `slabtop` uone nani anakula, kisha ushughulike naye huyo. Kurasa zilizobanwa na kadi za mtandao wa RDMA, zinazosoma na kuandika kumbukumbu moja kwa moja, nazo hazisogei mpaka ziachiliwe.

Tukishajua kurasa zinasogea, mpangilio ninaouanza nao mimi si wa `kcompactd` yenyewe. Ni huu:

```
cat /sys/kernel/mm/transparent_hugepage/defrag
```

Neno lililo kwenye mabano ya mraba ndilo linalotumika. Likiwa `always`, kila programu inayogusa kumbukumbu mpya na kustahili ukurasa mkubwa inaweza kusimamishwa ili ukurasa huo utafutwe. Seva nyingi zenye msukosuko wa `compact_stall` nimezikuta hivi. Ligeuze:

```
echo defer+madvise | sudo tee /sys/kernel/mm/transparent_hugepage/defrag
```

Sasa programu ya kawaida inapewa kurasa ndogo papo hapo na kuendelea na safari, huku `kswapd` na `kcompactd` zikiamshwa kutengeneza nafasi, na `khugepaged` ikija baadaye kuziunganisha zile ndogo kuwa kubwa. Programu iliyoomba yenyewe kurasa kubwa kwa `madvise` bado itasubiri, na ni haki yake, imeomba ikijua.

Baada ya hapo ndipo tunaigusa `kcompactd`:

```
sysctl vm.compaction_proactiveness
```

Amri ikikuambia hakuna kitu hicho, kerneli yako ni ya kabla ya 5.9 au imejengwa bila `CONFIG_COMPACTION`. Kipimo ni 0 hadi 100, na chaguo-msingi ni 20. Namba hiyo ina maana inayohesabika. Kerneli inaipa kila nodi alama za umegekaji, 0 hadi 100, kwa kuangalia ni asilimia ngapi ya nafasi tupu haitoshi kutoa ukurasa mkubwa. Toa kipimo chako kwenye 100 upate mstari wa chini. Ongeza 10 upate wa juu. Kwa 20, mistari ni 80 na 90: `kcompactd` inapima kila milisekunde 500, alama zikipita 90 inaanza kazi, zikishuka hadi 80 inapumzika. Ukiweka 40, mistari inakuwa 60 na 70. Ikifanya kazi isipate maendeleo, inajinyima zamu kwa takriban sekunde 32 kabla ya kujaribu tena. Na `kswapd` ikiwa inahangaika kuokoa kumbukumbu, hii ya kuwahi mapema inasubiri.

Zingatia kwamba alama za nodi ni jumla ya zoni zake, kila zoni kwa uzito wa ukubwa wake. Zoni ya Normal inaweza kuwa imesagika kabisa, yenye alama 100 kama ule mstari wetu, lakini kwenye mashine ndogo ambayo zoni ya DMA32 ni sehemu kubwa na imetulia, alama za nodi zisifike 90 na `kcompactd` ikaendelea kulala. Ukiona `/proc/buddyinfo` mbaya na `kcompactd` imetulia tu, anza kushuku hapo kabla hujasema kerneli ina hitilafu.

Panda polepole:

```
sudo sysctl -w vm.compaction_proactiveness=40
```

Ukiandika thamani isiyo sifuri, kerneli za karibuni zinaanza kubananisha papo hapo, kwa hiyo usishtuke `top` ikionyesha `kcompactd0` juu kwa muda mfupi. Iache ifanye kazi siku nzima yenye mzigo halisi, kisha rudi kwenye kaunta. Unatafuta `compact_stall` inayopanda taratibu kuliko zamani na `thp_fault_fallback`, inayohesabu mara programu ilipokosa ukurasa mkubwa ikapewa ndogo, iliyopungua kasi. Ikiwa `compact_daemon_migrate_scanned` (kurasa zilizokaguliwa na `kcompactd`) inaruka juu huku `pgmigrate_success` (kurasa zilizohamishwa kwa mafanikio) ikijikokota, prosesa inachomwa bure, rudi chini. Ukiridhika, andika `vm.compaction_proactiveness = 40` kwenye faili lililo ndani ya `/etc/sysctl.d/` ili ibaki baada ya kuwasha upya. Zaidi ya hapo mimi huwa sina sababu ya kwenda, isipokuwa mashine inayoendesha mashine pepe nyingi zinazozaliwa na kufa kila mara.

Wapo wanaopaswa kwenda kinyume. Programu ya sauti au ya kuendesha mitambo, inayofungia kurasa zake kwa `mlock` ili isicheleweshwe hata kidogo, inaweza kushikwa na mtikisiko kurasa hizo zinapohamishwa, kwa kuwa kufungia kunazuia kurasa zisitolewe kwenye RAM, hakuzuii zisisogezwe. Kwa mashine hiyo weka `vm.compact_unevictable_allowed=0`, na `compaction_proactiveness` iwe 0.

Na kama mahitaji yako ni kurasa kubwa za kudumu kwa ajili ya hifadhidata, usimtegemee mtu yeyote kukutafutia nafasi baadaye. Zitenge wakati wa kuwasha, kumbukumbu ikiwa bado nzima: `hugepages=512` kwenye mstari wa amri wa kuwashia kerneli ni GB 1 ya kurasa za MB 2. Ukilazimika kuziomba mashine ikiwa kazini, bananisha kwanza kwa `compact_memory`, andika idadi kwenye `vm.nr_hugepages`, kisha soma `HugePages_Total` kwenye `/proc/meminfo`. Kerneli ikishindwa kufikisha idadi uliyoomba, inakupa ilizopata, na amri yako hairudishi kosa lolote.