Tepu za bakapu Kigoma: shughulikia unyevu kabla ya joto

Ofisi nyingi hapa Kigoma zikishanunua draivu ya LTO (aina ya tepu za sumaku za kuhifadhia data za kompyuta) na boksi la tepu, pesa inayobaki inaishia kwenye kiyoyozi kikubwa, halafu kila mtu anaona kazi imekwisha. Joto ni tatizo, sikatai. Ila kwa mji uliokaa ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kinachoharibu tepu polepole bila mtu kujua ni unyevu. Gundi inayoshikilia tabaka la sumaku hunyonya maji ya hewani, ikidhoofika inakuwa ya kunata, na kinachobanduka kinaganda kwenye kichwa cha draivu, yaani sehemu inayosoma tepu.

Kwa tepu za LTO za kuhifadhi muda mrefu, kaa ndani ya nyuzijoto 16 hadi 25 na unyevu wa asilimia 20 hadi 50. Ile miaka 30 ya uhai wa tepu inayotajwa na watengenezaji inategemea masharti kama hayo.

Hatua ya 1: Pima chumba, lakini kwanza kipime kipimo

Nunua kipima joto na unyevu chenye kumbukumbu ya kiwango cha juu na cha chini. Vya bei rahisi vinadanganya, wakati mwingine kwa asilimia kumi, kwa hiyo kijaribu kwa chumvi. Jaza chumvi kwenye kizibo cha chupa ya maji (ya Uvinza inatosha kabisa), idondoshee maji iwe kama uji mzito bila kuyeyuka yote. Kiweke pamoja na kipimo ndani ya kopo lenye mfuniko unaobana, uliache usiku kucha mahali pasipobadilika joto. Asubuhi kipimo kinatakiwa kisome asilimia 75. Kikisoma 69, andika kwenye kipande cha plasta “ongeza 6” na ukibandike mgongoni mwa kipimo.

Sasa kiweke pale tepu zitakapokaa. Usiridhike na kipimo cha Julai. Kiangazi hewa ya Kigoma inakubembeleza. Majibu ya kweli utayapata mvua zikishakolea, kati ya Novemba na Aprili, hasa usiku umeme ukiwa umekatika.

Hatua ya 2: Chagua chumba

Chumba cha katikati ya jengo, chenye dari, kisichopigwa na jua la jioni. Kisipakane na choo wala kupitiwa na bomba la maji. Rafu ziwe za chuma, kwa sababu mchwa wa huku hawachagui mbao, na rafu ya chini iachane na sakafu kwa sentimita 15 au zaidi. Maboksi ya karatasi yatoe humo.

Watu wanaogopa sana sumaku. Rafu ya chuma haina neno. Weka tepu mita moja au zaidi kutoka kwenye spika kubwa, stabilaiza na mota za umeme, basi. Ila usikubali fundi “aisafishe” tepu ya LTO kwa mashine ya kufutia sumaku ili itumike tena: alama za kuongozea kichwa huandikwa kiwandani, zikifutika tepu hiyo ni ya kutupa.

Hatua ya 3: Kiyoyozi kisikuongezee unyevu

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Ukipoza hewa bila kuitoa maji, asilimia ya unyevu inapanda. Hewa ya nyuzijoto 24 yenye unyevu wa asilimia 60, ikishushwa hadi 18 bila kukaushwa, inafika karibu asilimia 87. Kiyoyozi kikubwa kuliko chumba hufanya hivyo hivyo: kinapoza haraka, kompresa inazima kabla maji hayajatoka, feni inaendelea kupuliza ule unyevu urudi chumbani.

Chagua kiyoyozi kidogo kinachofanya kazi muda mrefu. Kiweke nyuzijoto 22 au 23, na msimu wa mvua tumia ile alama ya tone la maji kwenye rimoti, ya kukausha hewa. Kama bado uko juu ya asilimia 50, ongeza mashine ya kukaushia hewa, bomba lake litokeze nje. Mimi ningeinunua hiyo kabla ya kiyoyozi cha pili.

Hatua ya 4: Makasha kwa ajili ya umeme unapokatika

Kila tepu ikae kwenye kifuko chake kigumu, ikiwa imesimama. Panga vifuko ndani ya kasha la plastiki lenye mpira kwenye mfuniko, na ndani weka silika jeli (punje zinazonyonya unyevu) ya rangi ya chungwa. Ya buluu iache, ina kobalti, ambayo ni sumu. Ikibadilika kuwa kijani, ikaushe kwenye oveni kwa nyuzijoto 120 hivi kwa saa mbili. Weka kipimo kidogo ndani ya kasha. Kikishuka chini ya 20, punguza silika.

Sefu ya kuzuia moto? Soma kibandiko chake. Ya karatasi inaruhusu ndani kufika kama nyuzijoto 177, na kuta zake hutoa mvuke zikipata moto. Karatasi zitapona, tepu hazitapona. Tafuta iliyoandikwa kuwa ni ya data.

Hatua ya 5: Kutoa na kuingiza

Tepu iliyotoka chumba cha nyuzijoto 18 ukiifungua kwenye ofisi ya nyuzijoto 28 na unyevu wa asilimia 75, matone ya maji yanatanda juu yake, maana hewa hiyo huanza kutoa umande kwenye nyuzijoto 23. Iache ndani ya kasha lililofungwa hadi izoee, saa 24 kama tofauti ni kubwa, ndipo uiingize kwenye draivu.

Hatua ya 6: Nakala ya pili Tabora

Tabora kuna vumbi, lakini kiangazi chake ni kikavu na iko mbali na ziwa. Ukisafirisha kwa treni au basi, beba mkononi, ndani ya kasha jipya la kuhifadhia baridi lisilo na barafu. Narudia, jipya: si lile lililobeba migebuka. Usiziache kwenye gari lililofungwa juani.

Hatua ya 7: Soma tepu

Kila mwaka chagua chache kutoka kila kasha, zisome mwanzo hadi mwisho na uandike makosa yaliyosahihishwa na draivu. Na usiuze draivu ya zamani kwa haraka: namba ya LTO ni kizazi chake, na draivu ya LTO-8 inasoma tepu za LTO-7, haisomi za LTO-6. Tepu ambayo makosa yake yanapanda mwaka hadi mwaka, inakili kwenye mpya wiki hiyo hiyo, kisha kagua zote zilizokaa nayo kasha moja.