Ukitaka kujua Ulaya wameandika nini juu yako

Kazi yangu ni kuwajazia watu fomu za viza hapa Mombasa, na aliyenyimwa ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, hukosi kumsikia akiuliza: sasa vidole vyangu vimekwenda wapi? Vipo. Picha yako, alama za vidole kumi na uamuzi uliotolewa, pamoja na sababu za kukataliwa, huingizwa katika mfumo wa pamoja wa taarifa za viza wa nchi hizo, uitwao VIS, na huweza kukaa humo hadi miaka 5. Una haki ya kuuliza mna nini humo, hata kama hujawahi kukanyaga Ulaya, na ni bure. Dalali akikutajia bei, mwache aende zake.

Iandikie nchi uliyoomba viza. Nchi nyingine ya Schengen pia inaweza kupokea ombi lako, ila kwa nini uzunguke? Anwani itafute kwenye tovuti ya serikali yao, si kwenye kikundi cha WhatsApp. Kwa Ujerumani, kwa mfano, ni Bundesverwaltungsamt, ofisi ya utawala ya serikali kuu, mjini Köln.

Barua iwe fupi: majina kama yalivyo kwenye pasipoti, tarehe na mahali ulipozaliwa, uraia, namba ya pasipoti uliyoombea viza, hata kama imeisha muda. Kisha omba nakala ya taarifa zako zote zilizomo VIS na jina la nchi iliyoziingiza. Tia sahihi. Ambatisha kopi ya ukurasa wa picha, lakini kwanza andika juu yake kwa kalamu, mshazari: “Kwa ombi la VIS tu”, na tarehe. Kopi tupu ikiangukia mikono mibaya inafungua mengi.

Jibu likija, anza na majina. Hapo ndipo watu wa pwani tunapoumia: fomu hii jina la babu limewekwa penye ukoo, fomu ile la baba, au Mwanaisha kakatwa vipande viwili, Mwana na Aisha. Ukiona kosa, omba lirekebishwe na uambatishe ushahidi.

Mwezi ukipita kimya, bila hata barua ya kuomba muda zaidi, lalamika kwa mamlaka ya ulinzi wa data ya nchi hiyo. Ufaransa ni CNIL. Kituo kilichokuchukua vidole Nairobi nacho kinabanwa na sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya 2019.

Rufaa ya viza ni njia nyingine kabisa, na ina siku zake. Usingoje jibu la VIS ndipo uikate.