Ukitoka kazini, cheza rede na wanao

Nikitoka Soko la Mbuyuni hapa Moshi, kichwa kimejaa madeni na kelele. Siingii ndani kwanza. Navua viatu, nafunga khanga kiunoni, nawaita wanangu uani.

Mpira tunautengeneza wenyewe: soksi kuukuu, ndani matambara, nje kamba. Mwepesi, haumuumizi mtu. Wawili wasimame pande mbili, hatua kama 10. Wa katikati akwepe huku akijaza mchanga kwenye chupa. Ukiwa katikati huwezi kuwaza deni, macho yote yako kwenye mpira! Rusheni taratibu, chini ya kiuno. Ukianza kuhema, wazungushie kamba waruke wao. Dakika 20 zinatosha.

Kitindamimba wangu akiona Mlima Kilimanjaro umefunguka mawingu, husimamisha mchezo tuutazame. Mwache asimamishe. Hapo ndipo mabega yangu hushuka.