Ujue mzinga kwa kuutazama mlangoni

Mtu akishaingiwa na hamu ya nyuki, kitu cha kwanza anachotaka ni kufungua mzinga. Mimi nasema tulia kwanza. Mengi unayoyatafuta yanapita pale mlangoni, tena bila kumvuruga nyuki hata mmoja.

Usikae mbele ya mlango. Hapo ndipo wanapopita, na ukiwazibia njia walinzi watakuja kukuuliza. Kaa ubavuni, hatua kadhaa kutoka mzingani, na kama nyuki wenyewe ni wakali kaa mbali zaidi. Vaa nguo za rangi ya kupauka, acha manukato, na ndizi usiile hapo: nyuki akiuma hutoa harufu inayokaribiana sana na ya ndizi mbivu, na wenzake wakiinusa huja kusaidia. Akianza kukuzunguka kichwani, inuka taratibu uondoke. Usimpungie mkono. Mwenye mzio wa sumu ya nyuki mchezo huu haumfai.

Jua likishapanda, angalia miguu ya nyuma ya wanaorudi. Utaona vibonge vya chavua, ule unga wa maua, vya njano, vya chungwa, vingine vyeupe. Vibonge viwili vya nyuki mmoja kwa kawaida ni rangi moja, maana safari moja huifanya kwa aina moja ya ua. Chavua ndiyo protini ya kulelea watoto, kwa hiyo ikiingia kwa wingi, mara nyingi malkia yupo na anataga. Wanaotua kwa uzito miguu ikiwa mitupu wamebeba mbochi, ule utamu wa maua unaogeuzwa asali, au maji tumboni.

Mchana wageni huchanganyikiwa. Ghafla nyuki wanajaa mbele ya mzinga, na mtu anadhani kundi linahama. Tazama vichwa vyao. Wakiwa wameuelekea mlango, wakiyumba kushoto na kulia huku duara likipanuka, hao ni vijana wanaokariri mahali pao, kama mtu aliyehamia nyumba mpya jana. Baada ya muda mfupi watatulia. Lakini ukiona wanakabana wawili wawili wakibingirika, na wengine wanapenyeza kwenye nyufa, huo ni wizi wa asali. Punguza upana wa mlango ili walinzi waumudu.

Wale wanene wenye mlio mzito na macho yanayokutana utosini ni madume. Hawana mwiba. Wanatoka kutafuta malkia wachanga, na wakirudi chakula wanakikuta ndani.

Siku ya joto wengine husimama mlangoni wakipiga mbawa bila kwenda popote. Wanapitisha hewa, kwa sababu watoto wanahitaji nyuzi 34 hadi 35 za Selsiasi. Jioni za msimu wa maua harufu tamu hutoka hapo hapo. Mbochi unapunguzwa maji.

Kitu kimoja tu ninachowaonea wivu wenye mizinga ya kioo ni ile ngoma ya kuelekezana maua, iliyochangia kumpatia mwanasayansi Karl von Frisch Tuzo ya Nobel mwaka 1973. Hiyo huchezwa ndani, juu ya masega.

Maiti wachache chini ya mlango wasikutishe. Nyuki kibarua wa msimu wa kazi huishi takribani wiki 6. Ila wakilala kwa marundo siku moja, wengi ndimi nje, shuku sumu ya kunyunyizia mimea, na umwite mfugaji mzoefu siku hiyo hiyo.