Pweza wa mtini na mbuzi wa mtini: jinsi ninavyofundisha kupima habari za mtandaoni

Kwa miaka kadhaa nilikuwa nawagawia wanafunzi karatasi ya maswali. Nani kaandika? Lini? Anwani inaishia na nini? Walijaza vizuri, halafu wakaamini uongo vilevile. Kosa lilikuwa langu: karatasi ile iliwazoesha kuukodolea macho ukurasa uleule, na tapeli mwenye ustadi huyajibu maswali hayo yote bila taabu. Siku hizi nafanya hivi, kwa vipindi vitatu, wanafunzi wawili wawili kwa kifaa kimoja.

Hatua ya 1: Waache wanase kwanza

Wape tovuti ya pweza wa mtini, uzushi uliowekwa mtandaoni mwaka 1998 na mtu anayejiita Lyle Zapato. Ina picha za pweza matawini, maelezo ya maisha yake katika misitu ya kaskazini-magharibi mwa Marekani, na wito wa kumwokoa asitoweke. Uliza swali moja tu: je, tungeitumia kwenye insha ya wanyama walio hatarini? "Mwalimu, ina hadi picha," mmoja aliniambia. Usicheke. Usisahihishe bado.

Hatua ya 2: Watoe kwenye ukurasa

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo tumia kipindi kizima.

Mwaka 2017 Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa matokeo ya utafiti uliowalinganisha wanahistoria 10, wahakiki wa habari 10 na wanafunzi 25 wa chuo hicho. Walipewa, pamoja na mengine, tovuti mbili za madaktari wa watoto zenye majina yanayokaribiana: American Academy of Pediatrics, chama kikubwa kilichoanzishwa mwaka 1930, na American College of Pediatricians, kikundi kidogo kilichoundwa mwaka 2002. Wanahistoria na wanafunzi wengi walisoma kuanzia juu hadi chini, wakahadaiwa na nembo na lugha ya kitaalamu. Wahakiki waliutupia ukurasa jicho, wakauacha, wakaenda kuuliza kwingine: hawa ni akina nani?

Rudini kwa pweza. Waambie wafungue kichupo (tab) kipya, waandike jina la mnyama, wasome wengine wanasema nini. Wape dakika mbili kwa saa. Kwa kawaida kelele huanza kabla hazijaisha.

Wikipedia nairuhusu, na najua baadhi ya walimu wenzangu wataninunia. Sharti ni kwamba wasiishie hapo. Washuke hadi kwenye tanbihi na kufungua angalau chanzo kimoja.

Hatua ya 3: Swali lenyewe lisiwe na jibu tumboni

Kundi moja litafute "madhara ya kahawa", jingine "faida za kahawa". Kila kundi litarudi na ushahidi wa kutosha, na watagombana. Hapo wataona kwamba walichokiandika ndicho walichorudishiwa. Kisha waandike "kahawa na afya" na walinganishe.

Ufundi mdogomdogo wa kuwaonyesha: maneno ndani ya alama za mtajo hutafutwa yakiwa pamoja, alama ya kutoa mbele ya neno huliondoa, *site:* ikifuatwa na anwani hutafuta ndani ya tovuti hiyo peke yake. Yakishatokea matokeo, mikono mapajani kwa nusu dakika. Wasome orodha nzima, waone yapi ni matangazo, ndipo wachague. Cha kwanza si lazima kiwe bora.

Hatua ya 4: Picha nayo ihojiwe

Tumia picha ya papa anayeogelea barabarani kwenye mafuriko. Ilisambaa mwaka 2011 ikidaiwa kupigwa Puerto Rico baada ya kimbunga Irene, ikarudi mwaka 2017 ikidaiwa ni Houston. Wakiipitisha kwenye Google Lens au TinEye, zana za kutafuta picha ilikotokea mtandaoni, wanaweza kufika hadi kwenye picha ya asili: papa akifuata mtumbwi baharini, Afrika Kusini. Papa alikatwa pale, akabandikwa barabarani.

Hatua ya 5: Mambo mawili ya haraka

Anwani ya .org haithibitishi chochote. Yeyote anaweza kuisajili. Na majibu ya akili mnemba yahesabiwe kuwa fununu tu, kwani mitambo hiyo huweza kutaja hata vitabu ambavyo havijawahi kuandikwa. Kwangu, chanzo ambacho mwanafunzi hakukifungua mwenyewe hakiingii kwenye insha.

Hatua ya 6: Zuia ugonjwa wa pili

Baada ya somo hili wengine huanza kukataa kila kitu, na kujiona wajanja. Huko nako ni kutojua, ila kwa majivuno. Kwa hiyo zoezi la mwisho huwa ni picha ya mbuzi kumi hivi juu ya mti nchini Moroko. Darasa zima hupiga kelele: "Uongo!" Nawaambia waandike njia yao, kichupo kwa kichupo, kwa sababu alama natoa kwa njia hiyo, si kwa jibu.

Wawili waliwahi kuniletea hivi: "Tulisema ni uongo. Tumetafuta 'mbuzi, mti, Moroko'. Ni kweli, wanapanda miti ya argani kula matunda. Lakini tumekuta pia kwamba baadhi ya wenye mbuzi huwapandisha wenyewe ili watalii walipe wapige picha. Hii picha yako mwalimu, hatujui ni ipi. Uliitoa wapi?"