Umechoka na siasa? Ibane kaunti yako mwaka mmoja wa bajeti kwanza

Mwongozo huu ni wa Mkenya aliyepiga kura mara mbili tatu, akaingia barabarani Juni 2024 au akafuata yote kwenye simu, na sasa anasema hakuna kitakachobadilika bila mapinduzi. Hatutabishana naye sana. Ila kuna mambo mawili ya kupima kabla ya kuamua.

La kwanza ni Mswada wa Fedha wa 2024. Tarehe 25 Juni Bunge la Taifa liliupitisha kwa kura 195 dhidi ya 106, waandamanaji wakaingia bungeni, watu wakauawa, na kesho yake Rais akakataa kuutia sahihi. Ushindi mkubwa huo. Desemba hiyohiyo sheria nyingine ya kurekebisha kodi ikapita, ikiwa na baadhi ya hatua zilizokuwa ndani ya mswada ulioondolewa. Safari hii barabara hazikujaa. La pili ni Sudan: wananchi walimng'oa Omar al-Bashir tarehe 11 Aprili 2019 baada ya miaka 30, jeshi likatwaa serikali Oktoba 2021, na Aprili 2023 nchi ikaingia vitani. Barabara ina uwezo wa kuangusha mtu au kusimamisha karatasi. Karatasi inayofuata huandikwa na aliyebaki ofisini, na hapo ndipo wengi wetu huwa tumeshakwenda nyumbani.

Kwa hiyo hapa tunaeleza kazi ya ofisini. Inachosha, ina foleni, lakini ina tarehe, na tarehe ndizo wakubwa huogopa kuliko mabango.

Chagua kitu chenye mstari kwenye bajeti

"Ufisadi" si suala, kwa sababu hakuna afisa anayeweza kuandikiwa barua kuhusu ufisadi kwa jumla. "Wodi ya kujifungulia ya zahanati yetu imeezekwa, haina maji wala umeme, akina mama bado wanapelekwa mbali" ni suala. Lina jengo, idara, mwanakandarasi na kiasi cha pesa.

Hakikisha kwanza ni kazi ya nani. Jedwali la Nne la Katiba limegawa: zahanati na vituo vya afya, barabara za kaunti, masoko, maji na shule za chekechea ni za kaunti; shule za msingi na upili, vyuo vikuu na polisi ni za serikali ya kitaifa. Kosa la kila mwaka ni kumzonga mwakilishi wadi kuhusu madarasa ya sekondari. Atakusikiliza kwa upole kabisa, maana anajua hadaiwi.

Kundi liwe la watu watano hadi saba. Mmoja awe msomaji wa tarakimu, na si lazima awe mhasibu. Mwenye duka anayefunga hesabu kila jioni anatosha. Mwingine apeleke barua, wa tatu atunze faili. Nunua faili moja ya kisanduku na kaunta buku moja. Kila barua itolewe nakala mbili: moja inabaki ofisini, nyingine inarudi na muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Barua isiyo na muhuri, ukidaiwa ushahidi, ni kama hujaiandika.

Omba karatasi kabla ya kulalamika

Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 vinampa kila raia haki ya habari zilizo mikononi mwa serikali. Barua inaweza kuwa ya Kiswahili, na hulazimiki kueleza unazitakia nini. Asiyeweza kuandika ana haki ya kusema afisa akaandika. Mfano huu unatosha:

"Kwa Katibu wa Kaunti. YAH: Ombi la habari chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari, 2016. Mimi ni raia wa Kenya, kitambulisho nambari ……. Naomba nakala za hati hizi kuhusu ujenzi wa wodi ya kujifungulia, Zahanati ya ……, wadi ya ……: mkataba, BQ (orodha ya kazi na vifaa vilivyolipiwa), vyeti vyote vya malipo vilivyotolewa hadi leo, na ripoti ya kamati iliyokagua na kupokea kazi. Muda ukiongezwa, naomba nijulishwe kwa maandishi pamoja na sababu."

Usiandike "habari zote kuhusu mradi". Ombi pana hujibiwa kwa barua pana. Taja hati kwa majina yake.

Ofisi ina siku 21. Inaweza kuongeza siku 14 mara moja tu, na ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, muda ni saa 48. Kuomba ni bure. Unacholipia ni gharama ya kutoa nakala. Siku zikiisha kimya, sheria inahesabu kwamba umekataliwa, na una siku 30 za kupeleka lalamiko kwa CAJ, tume ya kusikiliza malalamiko dhidi ya ofisi za umma, ile wengi huiita Ombudsman. Hapa ndipo muhuri unapofanya kazi, kwani bila huo huwezi kuonyesha siku ya kwanza ilikuwa lini.

BQ ikifika, ichukueni hadi kwenye jengo pamoja na futi ya kupimia. Ni orodha ya kila kitu kilicholipiwa: idadi ya madirisha, unene wa sakafu, soketi, tangi. Someni mstari kwa mstari. Tuseme BQ inasema tangi la plastiki la lita 10,000 juu ya mnara wa chuma. Ujazo wa tangi huwa umepigwa chapa ubavuni mwake. Lililopo likisoma lita 2,300 na limekaa juu ya matofali, piga picha mbili, moja ya karibu isomeke namba na moja ya mbali lionekane jengo lote. Andika pembeni: nambari ya kipengele, kilichoandikwa, kilichopo. Safu hizo tatu zinatosha. Matusi hayana safu yake.

Kisha tazama vyeti vya malipo. Kwa kawaida sehemu ya pesa, mara nyingi asilimia 10, hubakizwa hadi kipindi cha kurekebisha kasoro kiishe. Ukifika pesa hiyo bado haijatolewa, mwanakandarasi ana sababu ya kurudi na tangi sahihi. Ikishalipwa, itabidi umfuate mahakamani au kwa wakaguzi, na hiyo ni safari ya miaka. Ndiyo maana tunahimiza barua iende ukuta ungali mbichi.

Tarehe za kubandika ukutani

Mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imepanga hivi: kufikia 1 Septemba, mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata, ADP, uwe kwenye bunge la kaunti. Kufikia 28 Februari, taarifa ya sera ya fedha, CFSP, ifikishwe huko, na bunge la kaunti lina siku 14 tu za kuijadili. Makadirio ya bajeti yanafika kufikia 30 Aprili na kupitishwa kufikia 30 Juni.

Watu hujaa ukumbini Mei, kwenye vikao vya maoni kuhusu bajeti, wakati viwango vya kila idara vilishafungwa Machi. Anayetaka wodi yake ipate pesa aanze na ADP, kwa kuwa mradi usio ndani ya ADP huwa na kisingizio tayari cha kukataliwa. Halafu arudi Februari kudai kiwango cha idara ya afya. Mei ni ya kuhakikisha mstari haujafutwa, basi.

Ndani ya bajeti tafuta mgawanyo wa pesa za kawaida na za maendeleo. Sheria inataka angalau asilimia 30 iende maendeleo kwa kipindi cha kati. Pia kuna ripoti za kila robo mwaka, zinazotakiwa ndani ya mwezi mmoja baada ya robo kuisha, na zile za Msimamizi wa Bajeti zinazoonyesha kilichotumika kweli. Mstari wenye milioni kwenye bajeti na sifuri kwenye ripoti ya robo ya tatu ni mradi hewa unaoelekea kuzaliwa.

Kaunti pia inatakiwa kuwa na Jukwaa la Bajeti na Uchumi, gavana akiwa mwenyekiti na wawakilishi wasio wafanyakazi wa serikali: wafanyabiashara, wanawake, wazee, watu wenye ulemavu, vyama vya wafanyakazi, dini. Waulizeni ni akina nani. Mara nyingi hata jirani zao hawajui kama wamo.

Kikaoni

Pelekeni maoni yaliyoandikwa, kurasa mbili zisizidi, na mwombe muhuri. Ukipewa dakika tatu kwenye kipaza sauti, dakika ya kwanza taja ukurasa na mstari wa bajeti, ya pili tofauti mliyopima, ya tatu badiliko mnalotaka kwa tarakimu. Gawanyeni: mzungumzaji mmoja kwa suala moja. Kundi la watu saba likisema jambo lilelile mara saba, karani huandika mara moja. Wapo watakaoletwa kwa basi kushangilia; msishindane nao kwa kelele. Andikeni kwenye kaunta buku saa kikao kilipoanza, tangazo lilitoka lini na lilibandikwa wapi. Mkienda mahakamani, hayo ndiyo ushahidi kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Jaribio la kubadilisha Katiba la BBI lilikwama mahakamani, Mahakama ya Juu ikitoa uamuzi wa mwisho Machi 2022, na hakuna aliyehitaji kuvunja lango.

Ardhilhali, na kwa nini nyingi hutupwa

Ombi rasmi kwa bunge, ardhilhali, ni haki chini ya Kifungu cha 119 kwa Bunge na chini ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kwa bunge la kaunti. Kanuni zake ni za kuudhi, na huangusha wengi. Kwa ombi la Bunge, lugha iwe ya heshima, Kiswahili au Kiingereza, pasipo maneno yaliyokatwa na kuandikwa juu. Kila ukurasa ubebe kichwa cha suala. Useme ni hatua gani mmeshachukua na mlijibiwaje, na kama jambo liko mahakamani. Umalizie kwa kutaja mnachoomba hasa. Kila anayetia sahihi aweke jina, anwani na nambari ya kitambulisho, kwa mkono, papo hapo kwenye karatasi. Kwa kaunti, chukua kanuni za kudumu kutoka kwa karani wa bunge, lakini ukifuata hizi hutakosea sana.

Kosa kubwa ni kukusanya sahihi kwenye madaftari tupu na baadaye kuyagandisha nyuma ya barua. Chapa karatasi za sahihi zenye kichwa cha suala juu, mistari 20 kila moja. Sahihi 200 safi zina uzito kuliko 5,000 zenye nambari za vitambulisho zilizokosewa. Kampeni ya Okoa Kenya ya kurekebisha Katiba ilianguka 2016 kwa sababu tume ya uchaguzi ilisema sahihi halali hazikufika milioni moja.

Kuhusu kumwondoa mbunge kabla ya muda: Kifungu cha 104 kinaruhusu, lakini Mahakama Kuu ilifuta vipengele muhimu vya utaratibu wake mwaka 2017. Usianzie hapo. Utamaliza pumzi.

Mahakama, kwa ufupi: Kifungu cha 22 kinakataza ada ya kufungua kesi ya haki za kikatiba, na kanuni za 2013 zinaruhusu hata barua ya kawaida kupokelewa.

Zamu ya barabara

Barua zikikosa majibu, faili ikiwa nene, sasa maandamano yana maana, kwa kuwa mnadai kitu kimoja chenye tarehe: "Toeni ripoti ya kamati ya kupokea kazi kabla ya Ijumaa wiki ijayo." Dai la "serikali iende" halina afisa wa kulijibu.

Kifungu cha 37 kinawapa haki ya kukusanyika kwa amani bila silaha. Sheria ya Utaratibu wa Umma inataka taarifa, si ruhusa: ipelekeni kwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi, si chini ya siku tatu wala zaidi ya siku 14 kabla, ikiwa na majina na makazi ya waandaaji, tarehe, njia au uwanja, na saa kati ya 12 asubuhi na 12 jioni. Nakala yenu irudi na muhuri. Wakikataa kuipiga, mwende wawili, mmoja aandike saa na nambari ya afisa.

Wekeni wasimamizi waliovaa fulana za rangi moja, angalau mmoja kwa kila watu 20. Mkubaliane mapema: jiwe likirushwa, wote wakae chini. Wahuni wa kukodiwa hubaki wamesimama, na kamera inawaona. Simu moja ipige picha huku nyingine ikizituma papo hapo kwa mtu aliye nyumbani, maana simu hunyang'anywa.

Epukeni Ijumaa. Aliyekamatwa lazima afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiishia nje ya muda wa mahakama, anasubiri hadi siku inayofuata ya kazi. Wa Ijumaa jioni hulala ndani hadi Jumatatu. Wa Jumanne asubuhi anaweza kuwa nyumbani Jumatano. Nambari ya wakili iandikwe mkononi kwa kalamu ya wino usiofutika, kwenye ngozi, karibu na kiwiko ambapo jasho ni kidogo. Ukifikishwa kituoni sema jina lako, omba kumpigia wakili, kisha nyamaza. Hiyo nayo ni haki, Kifungu cha 49. Mtunza faili asiandamane siku hiyo. Abaki na kisanduku, mbali na kituo.