Lenzi ya Enzi za Filamu Kwenye Kamera ya Dijitali

Kama ulipenda kupiga picha ujanani, ukaifungia kamera kabatini siku studio za kusafisha mikanda zilipoanza kupotea, usikimbilie kununua lenzi mpya. Ile ya milimita 50 ya Canon AE-1 au Pentax K1000, au 58 ya Zenit, bado inatoa picha nzuri sana, na kuzungusha ringi kwa mkono ndiyo raha yenyewe ya kazi hii. Tafuta bodi ya dijitali (kamera yenyewe bila lenzi) isiyo na kioo cha kuakisi ndani, yaani mirrorless, hata ya mtumba, pamoja na adapta ya kuiunganisha na lenzi.

Kagua lenzi kwanza. Fungua lote tundu la kupitisha mwanga, mulika tochi ya simu kwa nyuma, kisha utazame kwa mbele ukiiinamisha kidogo. Nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ni kuvu, na unyevu wa Tanga, Mombasa au Unguja huilea vizuri. Ikiwa pembeni tu, piga picha bila wasiwasi. Ikifika katikati, picha hupauka kila ukielekea jua. Usiifungue mwenyewe, ipeleke lenzi kwa fundi wa kamera, maana vioo vikirudishwa upogo lenzi haitaona sawasawa tena. Sogeza na ringi ya f, ile ya kufungua na kufunga tundu: mabawa yanatakiwa kufunga papo hapo, yakisuasua yameingia mafuta. Lenzi safi ihifadhi kwenye kopo la plastiki linalobana, pamoja na vifuko vya silika. Ule mkoba wa ngozi uache, hunyonya unyevu na kuutunza.

Adapta ni bomba tu linaloirudisha lenzi kwenye umbali wake wa asili kutoka filamu: milimita 42 kwa Canon FD (kama ile ya AE-1), 45.46 kwa M42 (zile za kukaza kama skrubu) na Pentax K, 46.5 kwa Nikon F. Kwenye bodi za mirrorless umbali huo ni mfupi: Sony E ina milimita 18, Nikon Z 16, Canon RF 20, kwa hiyo nafasi ya bomba ipo. Kwenye DSLR ya Canon (kamera ya dijitali yenye kioo cha kuakisi), ambayo ni 44, lenzi ya FD itakataa kuona mbali, au itahitaji adapta yenye kioo cha lenzi ndani, na vioo hivyo vya bei nafuu hufifisha picha. Ukizungusha ringi ya f na mwanga haubadiliki, lenzi haijaharibika: kwa FD, geuza ringi ya adapta ifunge, kwa M42, sogeza kiswichi kutoka A kwenda M. Adapta nyingi pia ni fupi kidogo, hivyo ukizungusha fokasi hadi mwisho, minazi ya mbali itatoka na ukungu. Rudi nyuma kidogo.

Kwenye menyu, ruhusu shata (pazia linalofunguka kupitisha mwanga) ifanye kazi bila lenzi, maana kamera haiitambui lenzi ya zamani. Kama bodi ina kituliza mtikisiko, iandikie urefu wa lenzi, 50 au 58, la sivyo itatuliza kwa kipimo kisicho chake. Sensa (kipokea mwanga kilicho mahali pa filamu) ikiwa ndogo, ya APS-C, huifanya 50 ione kama 75, basi usishuke chini ya shata ya 1/125 ya sekunde ukishika kwa mkono.

Kwenye mwanga ndipo mazoea ya zamani yanapoumiza. Kanuni ya jua kali bado ni ile ile: tundu f/16, ISO (wepesi wa kuhisi mwanga) 100, shata 1/125. Lakini negatifu ilivumilia mwanga uliozidi hata stopu mbili (kila stopu ni mwanga mara dufu), na studio ikakuokoa wakati wa kuchapa. Sensa haivumilii. Sehemu nyeupe ikishaungua, hakuna kitu cha kurudisha, wakati kivuli kilichopigwa RAW (faili ghafi la kamera) huinuka vizuri. Aliyewahi kupiga slaidi anaijua nidhamu hii. Washa zebra, mistari ya kuonya mwanga uliozidi, kwenye 100, upunguze mwanga mpaka mistari iondoke kwenye kanzu na mawingu.

Ngozi nyeusi inastahili uangalifu zaidi, kwa sababu mita ya mwanga ya kamera hudhani kila ilionacho ni kijivu. Uso mweusi ukijaza fremu, mita huongeza mwanga na ngozi hutoka imepauka. Punguza theluthi mbili za stopu. Uso huo huo ukiwa mbele ya ukuta mweupe au bahari inayong'aa, mita hupunguza na uso unazama gizani. Hapo pima uso wenyewe kwa mita ya nukta (inayopima sehemu ndogo tu), au bora zaidi mhamishie mtu barazani. Saa sita mchana, jua likiwa utosini, macho hugeuka mashimo. Baraza yenye sakafu ya rangi nyepesi hurudisha mwanga kutoka chini na kuyafungua.

Kwa fokasi, usiamini rangi za kuonyesha ukali peke yake. Kuza jicho mara 5 au 10, rekebisha, kisha piga mara moja kabla mtu hajasogea.

Jioni tazama picha kwenye kompyuta kwa asilimia 100. Sikio kali na kope zimefifia: fokasi imepita nyuma. Kila kitu kimevutwa upande mmoja: mkono umetikisika, pandisha shata hadi 1/250. Weupe laini na kingo za zambarau kwenye matawi: tundu lilikuwa wazi mno, funga hadi f/4 au f/5.6. Madoa yale yale mahali pale pale angani ni vumbi la sensa. Lipulize kwa pampu ya mpira huku bodi ikitazama chini, wala usipulize kwa mdomo, maana mate yakitua hapo kazi inakuwa ya fundi.